Eda Iliyompita Bi Ghalia

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake watupu. Mwanamume haingii, hata kama anamtafuta mamaake. Mimi huteremka kwenye gari, nikakaa kivulini upande wa pili wa barabara, nikamngojea Bi Ghalia atoke na mfuko wake wa kofia. Anazishona mwenyewe kwa mkono, zile za vitobo. Nyengine huziuza humo sokoni, na nyengine hunipa mie nizipeleke Nizwa na Sur, kwa kuwa miguu yangu haikai pahala pamoja.

Bi Ghalia ni dada yangu wa ziwa. Mamaake alininyonyesha Unguja, mama yangu alipokuwa mgonjwa, basi sheria inaniruhusu kukaa naye chumbani na kumuona kichwa wazi. Amepita themanini. Anakaa nyumbani kwa Huwaida, binti wa marehemu kaka yake Abdullatif, katika chumba cha mwisho wa ua, karibu na tangi la maji. Wanampenda, nasema nililoliona: hapungukiwi chakula wala dawa. Lakini nyumba nzima inazungumza Kiarabu, na Kiswahili chake hakina pa kwenda. Huwaida anakielewa na hukisema akitaka. Watoto hujibu kwa Kiarabu huku wakitazama simu zao. Siku nisipokuja mie, huzungumza na kofia.

"Hii n'meisema sana," aliwahi kuniambia, akinionesha moja ya buluu. "Ilikuwa haitaki kushoneka. Nimeitukana mpaka imeshika adabu."

Watu wa Ibra walikuwa wakijua kuwa Bi Ghalia ana mume, na kwamba mume huyo hayupo. Zaidi ya hapo hawakuuliza.

Mume wake alikuwa Khelef bin Tamim, fundi baiskeli, na banda lake lilikuwa Malindi. Mwaka wa hamsini na nane aligombana na mteja aliyerudisha baiskeli na kusema imetengenezwa vibaya. Maneno yakawa makali, na Khelef akampiga kwa spana iliyokuwa mkononi. Mara moja tu. Yule mtu alirudi kwao kwa miguu yake, na kesho yake akafa. Mahakama ya Waingereza ilimhukumu Khelef kifungo kirefu, na kwa kuwa jamaa za marehemu walikuwa wengi mjini, ikaonekana bora asifungwe Unguja. Akapakiwa melini pamoja na wafungwa wengine, wamefungwa pingu wawili wawili, wakapelekwa magereza ya bara.

Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, bado nasoma Kurani. Nilikwenda bandarini na Bi Ghalia, mke wa mwaka mmoja, amejifunika buibui gubigubi. Watu walizuiliwa mbali. Tuliona wafungwa wanapanda ngazi ya meli, wadogo kama chungu wanaotambaa kwenye kamba, na hatukujua yeye ni yupi. Bi Ghalia alinyanyua mkono akampungia mmoja wao. Baadaye, njiani, akaniuliza: "Unadhani ndiye?"

Nikamwambia ndiye. Nilikuwa mtoto, sikujua la kusema jengine.

Ikaja barua moja, kaandikiwa na mtu, kwamba hajambo na anasalimu. Baada ya hiyo hakuna. Kisha yakaja ya mwaka wa sitini na nne, watu wakatawanyika, na sisi tuliobaki hai tukaletwa na riziki zetu huku Omani, mmoja mmoja. Bi Ghalia alikuja na kakaake. Hapo bado kijana, anapendeza, na watu wakaanza kumposa.

Abdullatif alimwambia: "Twende kwa kadhi, Ghalia. Mtu aliyepotea ana hukumu yake. Utaachiwa, uolewe."

"Hakupotea," akasema Bi Ghalia. "Kafungwa. Mtu yuko kifungoni halafu mie niolewe?"

"Kifungo gani hicho kisichokwisha?"

"Basi niambie amekufa. Nikiambiwa amekufa nitakaa eda yangu, miezi minne na siku zake kumi, nivae nguo nyeupe, watu waje wanipe pole kama wanavyopewa wenzangu. Nikimaliza, hayo mengine mtaniambia."

Abdullatif naye hakujua. Aliliuliza neno hilo mara nyingi mpaka akachoka, kisha akafariki. Wenzake Bi Ghalia waliolewa, wakaachwa, wakafiwa, wakakaa eda zao. Yeye alikwenda kwenye matanga ya wote, akaketi pembeni. Siku moja tulipokuwa tunarudi kutoka kwenye msiba Nizwa aliniambia: "Mie si mke wala si mjane wala si mtalaka. Hata ukinitukana hujui unitukane nani." Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwaka jana ndipo Manar, binti wa Huwaida, alipoingia chumbani kwa bibi yake na kompyuta mkononi. Anasoma taarikhi chuo kikuu, na mwalimu wao aliwapa kazi juu ya wafungwa waliokuwa wakisafirishwa kwa meli zama za Waingereza. Vitabu vya magereza hayo vimehifadhiwa. Vimesalimika na mchwa, vimesalimika na mvua, na watu wakavipiga picha ukurasa baada ya ukurasa ili wanafunzi wavisome. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nahesabu rangi za nyuzi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu," akasema. "Bibi, jina ya baba yake babu Khelef ni Tamim?"

"Jina *la* baba yake," akasema Bi Ghalia bila ya kunyanyua macho. "Ndiye Tamim. Kwani?"

Manar akakaa chini, na uso wake nikauona. Nikaacha nyuzi.

"Iko hapa, bibi. Nafikiri ni yeye."

Sindano ya Bi Ghalia ikasimama. "Soma."

Manar akasoma, Kiingereza kwanza kwa sauti ya ndani, kisha anakigeuza. Jina: Khelef bin Tamim. Kabila: Mmanga. Kazi: fundi wa baiskeli. Kosa: kuua bila ya kukusudia. Meli iliyomleta, na siku aliyopokewa.

"Urefu," akasema Manar, "futi tano na inchi tatu."

"Uwongo," akasema Bi Ghalia. "Khelef mrefu."

"Imeandikwa hivi, bibi."

"Mrefu! Muulize babu yako huyu."

Nikasema kuwa mimi pia namkumbuka mrefu, lakini mimi nilikuwa mtoto, kila mtu alikuwa mrefu. Bi Ghalia akatizama ukuta, akaweka mkono wake hewani juu ya kichwa chake, pale pale alipokaa, kama anayepima. Kisha akaushusha. "Labda nilikuwa nikimtazama nikiwa nimekaa," akasema. "Soma."

"Alama za mwili. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ncha yake imekatika."

"Mnyororo wa baiskeli," akasema Bi Ghalia.

"Na kovu ya moto nyuma ya bega ya kulia."

Kidole kila mtu alikiona pale bandani. La bega ni la chumbani. Akateremsha kofia mapajani, na nikajua kuwa huyo ndiye.

"Yuko wapi?" akauliza.

Manar akanitizama mimi. Nikamwambia msomee bibi yako, mwanangu, amengoja vya kutosha.

Khelef alikufa mwezi wa Februari mwaka wa sitini na moja, kwa ugonjwa wa kifua, katika hospitali ya gereza, na akazikwa huko huko. Ndiyo hayo. Mstari mmoja, kwa wino, na mwandiko mzuri kabisa.

Bi Ghalia akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" kama inavyosemwa, polepole. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Nani aliyeviweka vitabu hivyo?"

"Serikali, bibi. Walikuwa wanaogopa mfungwa akitoroka, ama akibadilishana na mwenzake kwenye meli. Ndiyo maana wanaandika mwili yote."

Nimelifikiri sana neno hilo tangu siku ile, kwenye magari na kwenye mabaraza ya watu. Sisi tuliompenda Khelef hatukumpima. Hatuna hata picha yake. Aliyempima ni karani mmoja aliyekuwa hana haja naye, kazi yake kuhesabu watu wasipungue kati ya meli na gereza, akamgeuza na kumvua shati, akaliona kovu, akaliandika. Bila ya mtu huyo Khelef asingelikuwa na kaburi wala tarehe. Wako wangapi wetu waliokufa baadaye, waliopendwa sana, na hawana hata mstari? Sijui kama nimshukuru yule karani au nimchukie. Karatasi zenyewe sizichukii. Zichungwe.

Lakini turudi kwa Bi Ghalia. Alivua bangili zake mbili, akampa Manar. "Mwambie mamaako n'mefiwa na mume," akasema. "N'naingia eda."

Huwaida ni mtu wa haraka, na moyo wake ni mwema. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili mikeka ilikwishatandikwa sebuleni, kitambaa cheupe kimenunuliwa, sufuria zimeazimwa, na khabari imekwenda kwenye simu zote: Muscat, Nizwa, Sur, mpaka kwa jamaa walioko Dubai. Bi Ghalia alikaa kwenye pembe yake, mgongo umenyooka, nguo nyeupe mwilini. Sikupata kumuona hivyo. Sitasema alikuwa na furaha, maana si neno la msiba. Alikuwa ana pahala pake.

Mtu mmoja ndiye aliyeuliza. Shekhe wa mtaani, mtu mpole, mzaliwa wa Bujumbura, alikuja kutoa pole na kumfundisha mfiwa mambo ya eda yake. Walimweka sabulani, chumba cha wageni wanaume, na Bi Ghalia akakaa nyuma ya pazia la mlango.

"Pole sana, mama. Marehemu amefariki lini?"

Manar akamjibia kutoka nyuma ya pazia: "Februari, elfu moja mia tisa sitini na moja."

Shekhe akashika ndevu zake. Nilikuwa karibu naye, na niliona kuwa angelipenda sana kuwa pahala pengine.

"Mama," akasema, "tunavyofuata sisi, eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, haihesabiwi tangu siku ya kupata habari. Eda yako imekwisha. Imekwisha mwaka ule ule, mwezi wa sita."

"Imekwisha vipi," ikasema sauti nyuma ya pazia, "nami sijaikaa?"

"Imepita yenyewe, mama. Hukujua."

"Nilikuwa nafanya nini?"

Shekhe angelijua wapi? Lakini mimi nilijua, na nadhani yeye mwenyewe alikwishakumbuka, maana akasema polepole: "Mwezi wa tano mwaka ule ni harusi ya Abdullatif."

"Ndiyo, dada," nikasema.

"Nilivaa nguo nyekundu."

"Ndiyo."

"Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nimetia asumini kichwani, nimetia udi, na mimi kizuka, mfiwa aliye ndani ya eda. Mume wangu hajatimiza miezi mitatu ardhini."

"Hakuna dhambi, mama," akasema shekhe. "Wallahi hakuna dhambi. Asiyejua hana lawama. Muombee dua, mtolee sadaka. Lakini kukaa sasa, na kuvaa hivyo, na kuwakusanya watu… hilo halipo."

"Halipo," akasema Bi Ghalia.

Basi Huwaida akapiga simu upya kwa watu wale wale. Wengine walikwisha kupanda gari wakageuza njiani, wengine walicheka, wengine walikasirika. Mikeka ikakunjwa, sufuria zikarudishwa zilikoazimwa. Bi Ghalia alibadilisha nguo akarudi chumba cha mwisho wa ua, akachukua kofia yake, na nilipopita mlangoni nilimuona ameishika tu, hashoni.

Kesho yake, baada ya laasiri, gari la kukodi likasimama getini, akateremka Bi Shukriya kutoka Aija, ng'ambo ya hori, Sur. Huyo alikulia mtaa mmoja na Bi Ghalia, Unguja. Simu ya kwanza ilimfikia, ya pili haikumfikia, kwa kuwa simu yake huizima asiibiwe chaji. Alianza kulia tangu barabarani.

"Shangazi, hakuna msiba," Huwaida akamwambia mlangoni. "Tafadhali, shangazi, karibu, lakini hakuna msiba."

"Hakuna msiba vipi, mtu kafa!" akapiga ukelele Bi Shukriya, akampita. "Ghalia! Ghalia wangu! Pole mwaya, pole!"

Akamkumbatia pale chumbani akalia peke yake, maana Bi Ghalia hakulia. Huwaida, maskini, hakujua amfanyie nini mgeni aliyekuja kulia pasipo na kilio. Akamfanyia yale ya kila mgeni: akaleta kahawa, akaleta halua, na mwisho akaleta chetezo cha udi, kinafuka.

Bi Shukriya akanyamaza ghafla. "Udi?" akasema. "Udi mbele ya kizuka? Nyinyi watoto mumeingiwa na nini? Toa, toa huo moshi!"

"Si kizuka," akasema Bi Ghalia.

"Ni nani basi?"

"Eda yangu imekwisha, Shukriya. Shekhe kasema. Nimeikaa mwaka wa sitini na moja, tukitwanga pamoja mie na wewe, tukienda ngomani. Yote nimeikaa, na mie sina khabari."

Bi Shukriya akakaa chini kwenye godoro. Alifikiri. Mwanamke huyo amefiwa na waume wawili, mambo hayo anayajua. Nje dereva akapiga honi.

"Sawa," akasema mwisho. "Imekwisha, imekwisha. Nani aliyekutoa?"

"Kunitoa?"

"Kizuka hutolewa. Huogeshwa, hubadilishwa nguo, hurudishwa kwa watu. Hajitokei tu kama paka. Nani aliyekutoa wewe?"

"Hakuna," akasema Bi Ghalia, na sauti yake ikawa ndogo. "Nani angelijua?"

Honi tena. Bi Shukriya akatoa kichwa dirishani. "We, Turki! Nitakuja nikupige hiyo honi kichwani! Ngoja!" Kisha akanigeukia: "Na wewe toka. Hata kama ni ndugu wa ziwa, toka."

Nikakaa uani kwenye kiti cha plastiki. Nikasikia maji yanatoka kwenye tangi, na Huwaida anaulizwa kata iko wapi, naye anauliza kata ni kitu gani. Nikasikia kikombe cha plastiki kinachota. Bi Shukriya alikuwa anasema maneno yale ya zamani yanayosemwa akitolewa mtu, kwa sauti ya kukwaruza, anakosea, anarudia. Mengine kayasahau, na pale alipoyasahau Bi Ghalia ndiye aliyekuwa akimkumbusha, yeye anayeoshwa. Aliyajua yote. Alikuwa akiyasikiliza kwenye eda za wenzake miaka yote ile.

Walipomaliza mlango ukafunguliwa, Bi Ghalia amevishwa kanga mpya, doti aliyokuja nayo Bi Shukriya kuwa ndiyo zawadi ya msiba. Bi Ghalia akakiweka chetezo mwenyewe chini ya kanga, moshi ukapanda mpaka kwenye shingo. Bi Shukriya akambusu, akasema anakwenda, dereva atamla mzima, na njia ya Sur ndefu. Hakulia tena. Gari likaondoka.

Ndani magharibi iliadhiniwa kwenye televisheni kabla ya kuadhiniwa msikitini. Watoto walirudi, wakapita uani na mipira na mabegi, wakamsalimu bibi yao kwa Kiarabu, wakaingia ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini nywele zake zimerowa.

"Sasa mie mjane," akaniambia.

"Ndiyo, dada."

"Wa zamani sana."

Nikamwambia nitakaa kidogo, gari za Nizwa hazikosekani. Akasema la, nende, giza linaingia na macho yangu mabaya. Akanipa kofia tatu za kuuza. Nilipofika getini nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mlango wazi nyuma yake, anajichana nywele polepole kwa kitana, na harufu ya udi ilinifikia mpaka pale niliposimama.